Buu Huyu ni wa Nzi Gani? Vinasaba na Hesabu ya Siku za Kifo

Maiti ikikutwa porini au ndani ya nyumba iliyofungwa, polisi wana maswali mawili ya haraka: huyu ni nani, na amekufa lini. Swali la pili ndilo linalomsogeza mtuhumiwa karibu na tukio au kumtoa kabisa. Daktari ana njia zake za kulijibu. Hupima mwili umepoa kiasi gani, hutazama viungo vilivyokakamaa, huangalia damu imetulia upande upi. Njia hizo hazidumu. Zikipita siku mbili tatu hazina tena la kusema, na pwani yetu huziumbua mapema zaidi, kwa sababu mwili wa nyuzi 37 uliolala chini ya bati mjini Tanga mwezi wa Februari hauna pa kupoa.

Hapo ndipo nzi wanapoingia. Mchana, mwili ukiwa wazi, nzi wa kijani huweza kuufikia ndani ya dakika chache, na jike hutaga mayai kwenye macho, pua, mdomo na majeraha. Mayai yakianguliwa hutoka mabuu, ambao nyama ikiharibika tunawaita funza, ingawa funza wa miguuni ni mdudu mwingine kabisa. Mabuu hula, hujivua ngozi mara mbili, wakishiba huondoka kutafuta udongo au mkeka wa kujificha. Ngozi yao hukauka ikawa gamba la kahawia, na ndani ya gamba hilo buu hugeuka nzi. Mwendo wa safari hii unategemea zaidi mambo mawili: joto la mahali, na nzi mwenyewe ni wa spishi gani. Ukiyajua yote mawili unaweza kuhesabu kurudi nyuma, kutoka kwa buu aliyefika mbali kuliko wote hadi siku yai lake lilipotagwa. Jibu unalopata ni muda mfupi kabisa ambao lazima uwe umepita tangu kifo, isipokuwa pale ambapo jeraha la mtu aliye hai lilikuwa limekwisha kuingia funza, jambo linalowapata wagonjwa waliotelekezwa.

Joto unaweza kulipima, na kituo cha hali ya hewa kikakusaidia. Jina la nzi ndilo lenye shida.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu za kurahisisha. Wataalamu hujumlisha joto la kila siku lililozidi kile kiwango ambacho chini yake buu hakui. Tuseme kiwango hicho ni nyuzi 10, na mahali penyewe pana wastani wa nyuzi 28. Kila siku buu anajipatia nyuzi 18. Kama spishi ya kwanza inahitaji jumla ya nyuzi 90 kufikia hatua uliyoiona, zimepita siku 5. Kama spishi ya pili inahitaji 126, zimepita siku 7. Buu ni yuleyule, joto ni lilelile. Ukikosea jina umekosea siku mbili, na siku mbili zinatosha kumtia hatiani mtu ambaye wakati wa tukio alikuwa Dodoma kwa shangazi yake.

Kuna kosa baya kuliko hilo. Nzi wa nyama, wale wakubwa wa kijivu wenye mistari mgongoni, kwa kawaida hawatagi mayai. Huzaa mabuu walio hai. Ukimdhania buu wao kuwa wa nzi wa kijani, utaongeza kwenye hesabu yako muda wa yai ambalo halikuwahi kuwepo.

Mtu atauliza: si wamtazame tu kwa hadubini? Wanamtazama, na nzi aliyekwisha komaa mara nyingi hutambulika vizuri kwa vinyweleo vya kifuani, rangi ya uso na mishipa ya bawa. Lakini hata hapo kuna mitego. Kwa nzi wa nyama, alama ya kutegemewa ni umbo la viungo vya uzazi vya dume, kwa hiyo majike wengi hubaki bila jina. Kwa mabuu ni vigumu zaidi. Kinachotazamwa ni kulabu za mdomoni na matundu ya kupumulia yaliyo nyuma, na katika hatua ya kwanza ya maisha yao mabuu wa spishi tofauti hufanana kama shilingi kwa ya pili. Dawa ya zamani ni kuwafuga mpaka watoke nzi ndipo uwatazame. Hilo huchukua siku nyingi, pengine wiki mbili na zaidi, na sharti mabuu wafike maabara wakiwa hai. Waliofia kwenye buti la gari hawafugiki.

Neno letu la mtaani nalo halisaidii. "Nzi wa kijani" hubeba spishi nyingi kwa pamoja. Yumo Lucilia cuprina, yumo ndugu yake Lucilia sericata, yumo Chrysomya putoria anayependa vyoo vya shimo, yumo Chrysomya megacephala, mgeni kutoka Asia aliyeingia barani Afrika miaka ya 1970. Yumo pia Chrysomya albiceps, ambaye mabuu wake wana miiba mwilini na huwala mabuu wa nzi wengine. Huyu wa mwisho ni hatari kwa hesabu, maana anaweza kuwamaliza waliotangulia kufika, akabaki yeye kama kwamba ndiye aliyekuwa wa kwanza.

Afrika Mashariki tatizo la wadudu wanaofanana tunalijua vizuri, na tulilijua kwa sababu ya malaria. Mbu Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hawatofautiki kwa macho, hata uwe na hadubini ya namna gani. Tabia zao ndizo zinazotofautiana: gambiae humfuata mtu, arabiensis huuma pia ng'ombe na hupenda zaidi kuuma nje. Yuko na ndugu yao wa pwani, Anopheles merus, anayezaliana kwenye maji ya chumvichumvi. Tangu mwaka 1993 kipo kipimo cha PCR kinachowatenganisha kwa vinasaba, na maabara za Ifakara na Kisumu zimekitumia kwa miaka mingi kama kazi ya kila siku. Nalisema hili kwa makusudi, maana nimesikia watu wakiieleza kazi ya kutambua nzi kwa DNA kana kwamba ni muujiza wa mbali. Mashine ni zilezile, na mikono inayojua kuzitumia tunayo.

Sasa tuone kinachosomwa. Ndani ya seli za mdudu, kama zilivyo zetu, kuna vijumba vidogo viitwavyo mitokondria, vinavyoipa seli nguvu ya kufanyia kazi. Vijumba hivi vina DNA yao wenyewe, duara dogo ambalo kwa nzi hawa lina herufi, yaani viungo vidogo vinavyopangana kuiunda DNA, 15,000 hivi na zaidi kidogo. DNA ya kiini cha seli ina herufi nyingi mno kuliko hizo, lakini kila seli ina nakala mbili tu za DNA hiyo, wakati nakala za duara la mitokondria ni mamia, pengine maelfu. Ndiyo maana yai moja, mguu mmoja uliokatika, au gamba tupu ambalo nzi wake alikwisha ruka zamani, huweza bado kutoa kitu cha kusoma. Mahali ambapo jicho halina tena la kutazama, DNA inaweza kuwa bado ipo, ingawa jua na joto huila siku hadi siku.

Kwenye duara hilo ipo jeni iitwayo COI. Wadudu wote wanayo, kwa sababu bila hiyo seli haiwezi kutumia oksijeni, lakini herufi zake hubadilika kidogo kidogo kizazi baada ya kizazi, kiasi cha kutosha spishi mbili zikae mbalimbali. Mwaka 1994 watafiti wa Kanada, Felix Sperling, Gail Anderson na Donal Hickey, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba DNA ya mitokondria inaweza kutenganisha nzi wa spishi tatu wanaotumiwa kukadiria muda wa kifo. Miaka tisa baadaye, mwaka 2003, Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph, hukohuko Kanada, alipendekeza kipande cha COI chenye herufi 650 hivi kiwe msimbopau wa wanyama wote, kama ule mchoro wa mistari unaosomwa kwenye pakiti ya unga dukani.

Kazi yenyewe maabara inaeleweka kirahisi. Kipande cha mdudu husagwa, DNA husafishwa, kisha PCR, kipimo ambacho Uviko-19 ilikifanya kiwe neno la nyumbani, hukinakili kipande cha COI mara mamilioni. Mwenye fedha kidogo hutumia vimeng'enya vinavyokata DNA kila vinapokuta mpangilio fulani wa herufi; spishi moja hukatika vipande viwili, nyingine vitatu, na tofauti huonekana kama mistari kwenye jeli. Mwenye mashine ya kusoma herufi husoma zote, moja baada ya nyingine, kisha huupeleka mfuatano wake kwenye hifadhi ya kimataifa ya mifuatano ya DNA na kuuliza: nani anafanana na huyu? Kwa kawaida nzi wawili wa spishi moja hutofautiana chini ya herufi 1 katika kila 100, na spishi mbili tofauti huachana kwa 3 au zaidi. Katika herufi 650 hiyo ni tofauti ya herufi 20 hivi, pengo pana la kutosha mtu kulala usingizi.

Tatizo ni kwamba pengo hilo halipo kila mahali, na hapa ndipo ninapotaka tukae.

Mitokondria hurithiwa kutoka kwa mama peke yake. COI kwa hiyo inakusimulia ukoo wa kina mama tu, na ukoo wa mama unaweza kudanganya. Lucilia sericata na Lucilia cuprina huweza kuzaa chotara, na chotara wa namna hiyo wamepatikana Hawaii. Chotara anabeba mitokondria za bibi wa upande mmoja huku sehemu kubwa ya mwili wake ikifuata upande wa pili. Ukisoma COI pekee unapata jina moja. Ukisoma jeni ya kwenye kiini cha seli, kwa mfano ile ya 28S, unapata jina jingine. Ndugu wengine wawili wa ukoo huohuo, Lucilia caesar na Lucilia illustris wa Ulaya na Asia, COI yao imekaribiana mno kiasi kwamba kipande cha msimbopau hakiwatenganishi. Jicho la mtaalamu, akimpata dume aliyekomaa, hapo linaishinda mashine.

Kisa cha ajabu zaidi kilichapishwa mwaka 2007. Watafiti walichunguza nzi wa kundi la Protocalliphora, ambao mabuu wao hunyonya damu ya makinda kwenye viota vya ndege, na msimbopau ukashindwa kabisa kuzitenganisha spishi nyingi kati ya zile walizozichunguza. Sehemu ya lawama iliangukia bakteria aitwaye Wolbachia. Bakteria huyu huishi ndani ya seli za wadudu na hupita kutoka kwa mama kwenda kwenye yai, njia ileile wanayopita mitokondria. Akivuka kutoka spishi moja kwenda nyingine kwa njia ya chotara na akaenea huko, mitokondria alizokuja nazo huenea pamoja naye. Baada ya vizazi vingi unakuta spishi mbili zilizo mbali kwa umbo na kwa jeni za kiini, lakini mitokondria zao ni za nyumba moja. Hawa si nzi wa maiti, ila ni jamaa wa karibu wa nzi wa maiti, na Wolbachia hachagui ukoo.

Mfano unaotugusa sisi moja kwa moja ni wa barani kwetu. Chrysomya chloropyga ni nzi wa mizoga, anayestawi zaidi sehemu za baridi za kusini. Chrysomya putoria ni nzi wa vyoo vya shimo na nchi za joto, ingawa mizoga nayo haikatai. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana kama hawa ni spishi mbili au ni moja yenye sura mbili. Mwaka 2004 ilichapishwa kazi ambayo mmoja wa waandishi wake ni Martin Villet wa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Waliposoma COI walikuta putoria amekaa katikati ya matawi ya chloropyga, hakuwa na tawi lake kando. Yaani baadhi ya chloropyga wako karibu zaidi na putoria kuliko walivyo karibu na chloropyga wenzao. Maelezo yao ni kwamba putoria alijitenga kutoka kwa chloropyga hapahapa Afrika, tena si zamani sana kwa hesabu za mageuzi ya viumbe. Ukoo mpya umejenga nyumba yake, una tabia zake, lakini karatasi za mirathi bado zimechanganyika na za ukoo wa zamani.

Kwa mpelelezi jambo hili lina uzito. Fikiria mwili uliotolewa kwenye shimo la choo, jambo ambalo magazeti yetu huliripoti mara kwa mara. Mabuu wa putoria wanaweza kuwa walikuwa wakiishi chooni humo kabla mwili haujatupwa. Wakihesabiwa kama waliozaliwa juu ya maiti, tarehe ya kifo inarudishwa nyuma kwa makosa. Buu wa nzi apendaye mizoga, katika mwili huohuo, anaeleza habari nyingine: pengine mwili ulikaa juu ya ardhi kwanza. Kuwatenganisha hawa wawili ni kutenganisha simulizi mbili za tukio, na kipande kimoja cha COI kinaweza kukwama papo hapo tunapokihitaji. Njia ya kutoka inajulikana: soma jeni zaidi ya moja, za mitokondria na za kiini, na pale zinapokataa kukubaliana andika kwenye ripoti kwamba zimekataa. Naamini mtaalamu anayeiambia mahakama "kipimo hiki hakiwezi kuwatenganisha hawa wawili" ameisaidia haki kuliko yule anayetaja jina moja kwa sauti ya uhakika.

Hata pale jeni inaposoma vizuri, jibu haliwezi kuwa bora kuliko hifadhi unayoiuliza. Mashine haijui nzi. Inajua mifuatano iliyowekwa humo na majina ambayo watu waliyaandika juu yake. Aliyeweka mfuatano miaka ishirini iliyopita akikosea jina, kosa lake litamfuata kila anayeuliza. Na nzi wa Ujerumani au wa Marekani wamesomwa mara nyingi mno kuliko wa Ruvuma au wa Turkana. Usipokuwamo ndugu wa kweli wa buu wako, hifadhi itakupa jirani aliye karibu zaidi, na asilimia ya kufanana inaweza kuonekana nzuri tu. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kinasoma wadudu wa ukanda huu kwa vinasaba, hasa wa kilimo na wa magonjwa. Nzi wa maiti wanahitaji mtu wa kuwashughulikia kwa bidii hiyohiyo.

Jina likishapatikana, bado ni jina tu. Jedwali moja maarufu la ukuaji wa Lucilia sericata lilitengenezwa Vienna na kuchapishwa mwaka 2001, kwa nzi wa huko. Nzi wa Muguga nchini Kenya, ambako mabuu wa spishi hiyohiyo hufugwa kwa ajili ya kusafisha vidonda vya wagonjwa, wanaweza kukua kwa mwendo tofauti kidogo. Vinasaba vitasema ni ndugu. Saa ya ukuaji wao sharti ipimwe hukohuko walipo. Wapo watafiti wanaojaribu kuipata saa hiyo ndani ya jeni zenyewe, kwa kupima zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. Buu aliyeacha kula kwa nje anaweza kubaki vilevile kwa siku kadhaa, lakini ndani jeni zake hubadilishana zamu, na kazi iliyochapishwa mwaka 2011 kuhusu Lucilia sericata ilionyesha kwamba kipimo hicho kinaweza kupunguza upana wa makadirio.

Kuna jambo moja zaidi ambalo vinasaba vya buu hufanya, na hili halihusu jina lake kabisa. Buu anakula, na alichokula hukaa tumboni kwa muda. Nchini Mexico, katika kesi iliyochapishwa mwaka 2013, maiti ilikutwa imeungua kiasi cha kutotambulika, na tishu zake hazikutoa DNA ya kufaa. Wachunguzi walichukua mabuu watatu waliokuwa wakila mwili huo, wakatoa chakula kilichokuwa matumboni mwao, wakapata vinasaba vya binadamu, na wakavilinganisha na vya baba wa msichana aliyepotea. Uwezekano wa kuwa mtoto wake ulikuwa asilimia 99.685. Familia ikajua. Kila ninapoifikiria kesi hiyo nawaona wale mabuu kwa jicho jingine.

Tumbo hilohilo ndilo linaloweza kuharibu kipimo cha jina. Ukimsaga buu mzima unasaga na chakula chake, kwa hiyo maabara makini huchukua kipande cha mwili kisicho na utumbo.

Lakini makosa mengi hufanyika kabla ya maabara, na askari wa kwanza kufika ndiye mwenye uamuzi. Wengi wetu tukiona chupa ya kuhifadhia kitu cha mwili tunafikiria formalini. Formalini hufunga DNA na kuikatakata, na buu aliyelala humo anaweza asisomeke tena. Njia inayokubalika ni kugawa mabuu mafungu mawili. Fungu moja hubaki hai, na nyama kidogo na hewa, ili lifugwe. La pili huuawa kwa maji ya moto yaliyo karibu kuchemka, kisha huwekwa kwenye ethanoli kali. Wakusanywe wakubwa na wadogo, wa juu ya mwili na waliokwisha kutambaa kwenye udongo, pamoja na magamba matupu. Ipimwe nyuzi ya joto ya hewa, na ya lile fungu la mabuu lenyewe, maana wakiwa wengi hujipasha joto kuliko hewa iliyowazunguka. Iandikwe saa ambayo mwili uliingia kwenye jokofu la mochwari, kwa sababu tangu hapo ukuaji wao hupungua sana na hesabu hubadilika.

Hifadhi ya nzi wa kwetu nayo huanza kwa kazi ndogo ya mikono. Nzi aliyekamatwa huchomwa kwa pini nyembamba kifuani. Mguu mmoja hung'olewa, na huo unatosha kutoa DNA ya kusoma. Mwili uliobaki hupewa lebo yenye mahali, tarehe, jina la aliyemkamata na jina la aliyemtambua, kisha hufungiwa kwenye sanduku lisiloingia siafu wala unyevu. Mfuatano wa herufi ukiingia kwenye hifadhi, huingia na namba ya pini hiyo. Siku wakili atakapouliza mahakamani wamejuaje kwamba hizi ni herufi za Chrysomya putoria, mtu ataifuata namba, atafungua sanduku, na nzi mwenyewe atakuwa bado yupo pale, amepungukiwa mguu mmoja, tayari kutazamwa upya.